Ngumu Katikati, Laini Mabegani

Kirsty Barraclough amelilaza tairi langu sakafuni
kama samaki aliyegoma kuuzika,
akapitisha kidole gumba katikati:
kipara.
Pembeni kashata zimesimama bado,
na vile vinywele vya mpira havijakatika hata kimoja.
"Wewe," ananiambia, "hulali kwenye kona."

Silali. Nimezaliwa mwoga,
na njia yangu ni moja: Halifax, kupanda mlima,
kushuka upande wa pili hadi nyumba ya wazee
ambako Bi Mildred Greenwood hugeuzwa saa sita usiku,
tena saa tisa, tena alfajiri,
mgongo usije ukafanya vidonda.
Maili thelathini na moja kwenda na kurudi,
mvua siku nne katika tano.

Sijamwambia habari ya Alhamisi.
Kifuniko cha mtaro, majani yaliyooza,
gurudumu la nyuma likaniaga,
likarudi.
Sekunde moja. Ilitosha kuyakumbuka madeni yangu yote.

Anashusha mawili kutoka rafuni.
La kwanza laini; nalibonyeza kwa ukucha, alama inabaki.
Hili hushika lami kama mdai, haliachii,
ila kabla ya Pasaka litakuwa limekwisha
nami nitasimama hapa hapa na mshahara wa wiki mbili mkononi.
La pili gumu; ukucha unateleza.
Hili litazeeka nawe, asema, maili elfu kumi na mbili,
ila asubuhi ya barafu, kabla halijapata moto,
ni sabuni.

Kishikacho huisha. Kidumucho hakishiki.
Mama angesema mshika mbili moja humponyoka,
na kule Korogwe Fundi Sefu alimaliza ubishi kwa kisu cha moto:
alichonga kashata mpya juu ya kipara,
tukampa pesa, tukampa na sifa,
tukapanda watatu.
Sijui tulishikwa na nini.

Napiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Pauni kwa maili. Naandika, nafuta.
Hesabu haina safu ya Alhamisi.

Kirsty anapotea nyuma ya pazia, anarudi na la tatu.
"Gumu hapa katikati, unapokwenda wima.
Laini huku mabegani, unapoinama."
Na bei yake imekaa kati kwa kati.
Hapana, nasema uongo: bei yake imeyapita yote mawili.
Nacheka. Naye anacheka, kisha ananisogezea stuli.

Nasoma tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kuzaliwa.
Lina wiki tisa.
Bi Mildred ana miaka tisini na mitatu,
thelathini kati ya hiyo mbele ya mashine ya kufuma sufu,
mwili umekwisha kote, mwepesi kama kapu,
lakini ukimgeuza hukamata kifundo cha mkono wako
na vidole vyake vinne vikabaki hapo mpaka unafika nyumbani.

Nalipa. Nusu leo, nusu mwisho wa mwezi.

"Sikiliza, Mwatumu" (jina langu analitamka kama anameza kokwa),
"jipya linateleza. Lina ute wa kiwandani.
Maili mia za kwanza usiliamini."
Pesa yote ile, nami bado nina wiki nzima ya kwenda kama mwizi.

Natoka polepole, kama niliyebeba trei ya mayai.
Mvua haijaanza, ila imeshajifunga kibwebwe.
Kwenye kona ya kanisa nainama,
kidogo,
kidogo tena,
na pengine, sina namna ya kujua,
kinywele kimoja kimekatika.